Mgonjwa Asiyelala

Mgonjwa hulala. Herminda Oyarce hakuwahi kumsikia mtu akibisha jambo hilo, mpaka siku ile hospitalini, msichana mwenye koti jeupe na raba miguuni alipomwamuru mumewe ainuke kitini.

"Tena usishike mikono ya kiti, Don Nolberto," msichana alisema. Jina lake Yasna, mtaalamu wa viungo. "Simama. Keti. Simama tena."

Nolberto alisimama, akaketi, akasimama. Alijaribu tena, magoti yakakataa, akarudi kitini kwa kishindo kama gunia la viazi. Jasho lilimtoka puani. Huyu alikuwa mtu aliyebeba mitungi ya gesi begani miaka thelathini, akipanda na kushuka ngazi za vilima vya Valparaíso, na wanawake wakimwita madirishani kwa jina.

"Binti, huyu ana saratani ya tumbo," Herminda alisema. "Ndiyo kwanza amemaliza dripu za dawa. Unataka kuniulia mume?"

"Najua ana nini, mama. Ndiyo maana namsimamisha."

Yasna akavuta kibao cha kukalia, akaketi mbele yao, magoti karibu yagusane na ya Nolberto. Akaeleza bila kuzunguka. Dripu zilikuwa zimekipunguza kivimbe, ila zilikuwa zimempunguza na mwenyewe. Daktari angekata sehemu kubwa ya tumbo. Baada ya hapo mgonjwa angetakiwa akohoe, ainuke, atembee na kidonda chake kibichi, la sivyo mapafu yangejaa maji.

"Nguvu za kufanya hayo huwezi kuzipata ukiwa umeshapasuliwa," alisema. "Unaingia nazo. Ulipokuwa unabeba mitungi, ulikuwa unapanda kilima na njaa?"

"Nani, mimi?" Nolberto alichangamka kidogo. "Sitoki nyumbani bila mikate minne na mayai."

"Basi ndiyo hivyo. Tunakulisha kabla ya mzigo."

Kazi aliyopewa ilikuwa hii: kupanda ngazi kila siku, leo kidogo na kesho zaidi, kusimama na kuketi, kula mayai, samaki, kuku, na kuvuta pumzi kwa kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu ndani, mpaka vimpira vyote viruke juu. Kabla hawajaondoka, daktari wa upasuaji mwenyewe alipita, akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Mwezi ujao tunampima tena," alisema. "Akitembea vizuri, nampasua. Asipoweza simgusi, kwa sababu atanifia mezani. Na kivimbe hakitangoja mwezi mwingine. Hapo zitabaki dawa za maumivu tu."

Herminda alishika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Siku ya kwanza walipanda mpaka ngazi zinapokata kona ya kwanza, basi. Herminda alimfuata nyuma na kigoda cha jikoni mkononi, ili Nolberto akilegea tu apate mahali pa kukaa.

"Rudisha hicho kigoda, bibi wewe. Watu watadhani tunahama."

"Wewe panda, mzee. Hiki kigoda nimekibeba mimi, siyo wewe."

Baada ya siku chache waliipita kona hiyo, wakafika duka la Eusebio. Nolberto alihema kama mbwa wa Januari, lakini alifika, na usiku huo alikula bakuli zima la kasuela, kuku na boga na yote, akaomba tena. Vimpira viwili viliruka. Herminda alikuwa ameanza kuamini.

Hapo ndipo alipokuja Doña Zulema.

Zulema alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Mvua ikibomoa ukuta, yeye ndiye huita watu. Mtu akifa, yeye ndiye hupitisha kofia ya mchango. Aliingia bila kubisha hodi, na keki ya tufaha mikononi, akamkuta Nolberto amelala usingizi wa mchana chini ya mablanketi. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Maskini Nolberto wa gesi," alinong'ona. "Tazama alivyokwisha. Jirani, tumekubaliana. Tunamfanyia bingo, Jumamosi baada ya wiki mbili."

Mtaani kwao bingo ya mgonjwa si jambo dogo. Kila nyumba hutoa kitu: huyu kuku, yule birika la umeme, mwingine chupa za divai. Watu hununua kadi, huweka maharage juu ya namba, hula na kuimba, na kinachopatikana huenda kwa mgonjwa. Operesheni ingelipwa na serikali, sawa. Lakini serikali hailipi teksi za kwenda hospitali, wala maziwa ya unga yale ya makopo, wala nyama ya kila siku. Herminda alikuwa akishona mapazia ya watu mpaka vidole vinakufa ganzi, na bado alikuwa amekopa.

"Mungu akulipe, jirani," alisema mwishowe.

"Ila kitu kimoja." Zulema alisogea karibu. "Mtu mmoja ameniambia alimwona ngazini jana, anapanda. Nikamwambia umeota. Si unawajua watu? Mwaka ule tulimfanyia bingo yule fundi wa viatu, wiki iliyofuata akaonekana anacheza mpira. Mpaka leo wananisema mimi. Kwa hiyo tafadhali, mpaka Jumamosi ile ipite, asionekaneonekane ovyo."

"Haonekani," Herminda alisema. "Kwanza amechoka."

Kwa maneno hayo akamrudisha mumewe kitandani.

Nolberto alibisha. "Yule binti alisema kila siku."

"Yule binti hakai huku. Ni mpaka Jumamosi ile tu. Utapanda baadaye."

"Basi nifanye ya kiti humu ndani."

"Halafu mtu aingie akukute unaruka kama chura? Lala, mzee. Lala, nakuomba."

Na watu waliingia kweli. Habari za bingo zilipotoka, mlango haukufungwa. Mmoja alileta supu, mwingine rozari, mwingine alileta ushuhuda wa shangazi yake aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, akasimulia mpaka mwisho. Wote walitaka kumwona Nolberto, na wote walimkuta pale walipotarajia kumkuta: chali, blanketi shingoni, dirisha limefungwa. Kidude cha vimpira Herminda alikificha chini ya kitanda, kwa kuwa kilifanana na kitu cha kuchezea. Na mtu asiyeinuka hasikii njaa. Supu zilikuja kwa masufuria, zikarudi jikoni zimepoa.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa klabu ya mpira ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Zulema alikuwa ameazima kiti cha magurudumu kanisani.

"Nitaenda kwa miguu yangu," Nolberto alisema. "Ni hapo chini tu."

"Utaketi," Herminda alisema. "Watu wote wale wamekuja kwa ajili yako."

Wakamsukuma hadi mbele, amefunikwa blanketi, na kofia ya sufu kichwani ingawa ukumbi ulikuwa unachemka kwa joto. Zulema alishika kipaza sauti akasimulia jinsi Nolberto alivyowabebea gesi mvua na jua, na alivyowakopesha wajane. Wanawake walilia. Mzee mmoja alishinda kuku, akaja kumweka mapajani mwa Nolberto, akambusu utosini kama mtoto mchanga. Nolberto akabaki pale na kuku aliyenyonyolewa, baridi yake ikipenya blanketini.

"Nataka kwenda msalani," alimwambia mkewe pembeni ya mdomo.

"Subiri mzunguko uishe."

"Siwezi kusubiri."

Alianza kuinuka. Herminda aliona nyuso zikigeuka, akaweka mkono begani mwake akamkandamiza. Hakutumia nguvu. Hakuhitaji. Mwezi uliopita angeukung'uta mkono ule bila hata kujua kama upo. Sasa alikaa chini papo hapo, na mara Herminda akaona blanketi linalowa katikati, polepole, huku Zulema akitangaza namba nyingine na watu wakicheka kule nyuma.

Alimsukuma nje kwa mlango wa jikoni. Nyumbani Nolberto alivua nguo mwenyewe, akageukia ukutani.

Walipofika kwa Yasna kupimwa, Nolberto alishindwa kumaliza hata ukumbi wa kupimia mwendo. Aliegemea ukuta katikati ya njia, mkono kifuani, akatafuta kiti kwa macho.

Yasna alitazama karatasi ya mara ya kwanza, akatazama ya leo. "Umeshuka," alisema. "Sijaelewa. Kwenye simu uliniambia umeanza vizuri. Umeumwa? Umeanguka?"

Nolberto alitazama viatu vyake. Angeweza kusema. Hakusema, na Herminda alijua kwamba hata akiulizwa mpaka jioni hatamtaja mkewe.

"Mimi ndiye niliyemlaza," Herminda alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Majirani walikuwa wanamfanyia bingo." Alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa madogo ndani ya chumba kile chenye dari refu. "Niliogopa wakimwona anatembea watasema tumewadanganya. Niliogopa kusemwa, binti."

Yasna hakumkemea, na hilo lilimchoma zaidi. Alitoka nje, akarudi na daktari. Daktari alipima mapigo ya moyo, akauliza maswali mawili.

"Nina siku kumi, kisha tunapima mara ya mwisho," alisema. "Asipoweza, nafasi nampa mtu mwingine. Samahani, Don Nolberto, sina maneno mazuri zaidi ya hayo."

Kwenye teksi Nolberto alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Nitakuwa napanda alfajiri. Giza halina macho."

"Uteguke mguu gizani? Umeze ukungu?" Herminda alisema. "Utapanda saa nne asubuhi, jua kali."

"Saa nne wote wako nje wanafagia."

"Wafagie."

Saa nne wote walikuwa nje. Eusebio alikuwa akipanga makreti ya vitunguu mlangoni kwake, mdomo wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe.

"Yesu na Maria! Maiti imetoka kutembea! Jirani, hebu nipe namba ya daktari wako na mimi nifanyiwe bingo, mgongo unaniuma."

Mtu alicheka. Mwingine aliinua simu akapiga picha. Nolberto alisimama, uso umemwiva.

"Panda," Herminda alisema.

"Herminda..."

"Panda, mzee. Usimtazame. Tazama ngazi."

Hawajalifikia duka, dirisha la Zulema lilifunguka. Alishuka na taulo bado kichwani, picha imeshamfikia kwenye kundi la simu la mtaa.

"Mimi nilisimama pale na kipaza sauti nikalia!" alisema kwa sauti ya kusikika vilima vitatu. "Nililia mbele za watu! Nikawaambia hawezi hata kusimama!"

"Ulisema kweli," Herminda alimjibu. "Siku ile alikuwa hawezi."

"Na leo anaweza?"

"Leo hawezi pia. Si unamwona anavyotweta? Anatafuta kuweza." Maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka Herminda na hayakurudi. "Jirani, daktari kasema asipotembea hampasui. Asipompasua, anakufa. Mimi nilimlaza kwa sababu ya macho yenu, na nusura nimuue. Sasa niambie. Ile bingo mlifanya ili atoke kitandani, au ili akae kitandani?"

"Ungesema," Zulema alisema.

"Ningesema. Niliona aibu."

"Na mimi? Mimi sasa nimeona nini?" Zulema akageuka akapanda kwake, taulo likimfunguka njiani.

Siku tatu hakuna aliyewasalimia. Wenye fagio waliinama zaidi walipopita. Mteja wa mapazia alituma mtoto kuja kuchukua kitambaa chake. Nolberto alipanda hivyohivyo, mkono ukutani, Herminda nyuma yake. Kila asubuhi mayai, kila jioni kuku. Walisimama na kuketi pamoja jikoni, wote wawili, Herminda akilalamika magoti kuliko mgonjwa, na hicho kilikuwa kicheko chao cha pekee cha siku.

Siku ya nne, walipofika dukani, Nolberto alitaka kupumzika kama kawaida. Eusebio alitoka mbio na mikono hewani.

"Usisimame hapa! Usisimame, mzee, nakuomba! Piga hatua moja zaidi, ulipite kreti!"

"Kuna nini?" Nolberto alihema.

Eusebio alijikuna shingo. Nyuma yake, kwenye kivuli cha duka, wanaume wanne walikuwa wametulia kama watoto waliovunja sahani. Ukweli ukatoka vipande vipande. Walikuwa wanawekeana dau. Mkate kwa mkate, mara mojamoja chupa ya divai. Juzi Nolberto ataishia wapi, jana ataishia wapi. Eusebio alikuwa amekula hasara siku mbili mfululizo, maana alimwekea kupita duka, na Nolberto kila mara alikuja kusimama palepale mlangoni.

Herminda alitaka kuwararua. Lakini alimwona mumewe amejikaza, kidevu juu, akiwatazama wale wanaume mmoja mmoja, kama zamani mtu alipokataa kulipa mtungi.

"Nani kaweka kwamba nitasimama hapa?" aliuliza.

Mikono mitatu ilipanda, taratibu.

"Basi leo mtalala bila mkate," Nolberto alisema, akalipita kreti, akaendelea, akafika mlango wa pili juu ya duka kabla miguu haijamkatalia. Kule chini Eusebio alipiga kelele kama timu yake imefunga bao.

Kuanzia siku hiyo watu walianza kutoa vichwa nje. Wengine kwa mikate yao tu. Wengine walisahau mikate njiani.

"Leo umekula, Don Nolberto? Umekula mayai?"

"Matatu!"

"Ongeza la nne, mimi nimekuwekea mpaka kwa Bikira!"

Kwa Bikira ndiko ngazi zilikoishia, juu kabisa, kwenye sanamu iliyozungukwa na maua ya plastiki. Zulema alipogundua mchezo ule, alivamia duka akiwa na hasira za wiki nzima.

"Mnamchezea kamari mgonjwa! Hamna haya? Hamna mama zenu?"

"Jirani," Eusebio alisema, "wewe ulimchezea bingo."

Zulema akavuta pumzi ndefu. Herminda, aliyekuwa ameingia kununua mayai, alisubiri mlipuko.

"Wangapi wameweka kwamba atafika kwa Bikira bila kusimama?" Zulema aliuliza.

"Hakuna. Bila kusimama? Hata mimi siwezi."

"Basi mimi naweka. Kuku mzima. Kabla hajaenda kupimwa." Akamgeukia Herminda, macho yakiwa bado makali. "Na usinitazame hivyo, jirani. Bado nimekasirika. Usiku nakuletea kasuela. Huwa unaweka chumvi kidogo mno, ndiyo maana haongezi."

Jioni hiyo Nolberto alipuliza, akavuta, vimpira vyote vitatu vikaruka vikagonga juu. Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Na wewe," alisema, "wewe uliwahi kuweka?"

Herminda aliendelea kukunja kitambaa.

"Herminda."

"Mara moja. Siku ile ya mvua."

"Uliweka nifike wapi?"

"Niliweka utasimama kwa Eusebio."

"Mke wangu wa ndoa!"

"Tulikuwa hatuna mkate, mzee. Na ulisimama."

Nolberto alicheka mpaka akashika tumbo, mahali palepale walipokusudia kumpasua.

Zulema alishindwa dau lake la kuku. Siku ya mwisho kabla ya kupimwa, Nolberto alisimama karibu kabisa na Bikira, akaegemea uzio, akapumua, akamalizia. Watu walipiga makofi hata hivyo, na Zulema akalipa kuku akinung'unika kwamba ule uzio umejengwa vibaya.

Asubuhi iliyofuata, katika ukumbi wa hospitali, Yasna alianza kuhesabu muda. Herminda alikaa kwenye benchi. Alijizuia kusimama, akajizuia kusema chochote, akabana mikono kati ya magoti. Nolberto alikwenda akageuka, akaenda akageuka. Uso ulimpauka katika mzunguko mmoja, Herminda akaona bega la kushoto likishuka, akajua ni pale anapotafuta ukuta. Hakuushika. Alimeza mate, akaendelea, taratibu zaidi, lakini akaendelea, mpaka Yasna akasema basi.

Daktari alisoma karatasi. Akamwambia Nolberto akohoe. Akakohoa, dirisha likatikisika.

"Unaishi wapi wewe?" daktari aliuliza.

"Ngazini."

"Nimeona. Jumanne saa moja asubuhi uwe hapa, tumbo tupu." Akamtazama usoni. "Nisikudanganye. Ni operesheni kubwa, na siahidi kitu. Ila sasa nina mtu wa kumpasua."

Teksi iliwaacha chini ya kilima. Herminda alitazama juu akaona ngazi zimejaa. Madirishani, vibarazani, juu ya makreti ya Eusebio. Hakuna aliyekuwa anafagia. Zulema alikuwa amesimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Enhe?" alisema mwishowe. "Enhe, Nolberto? Wanakupasua au hawakupasui?"

Nolberto alivua kofia yake ya sufu.

"Wananipasua!" alipiga kelele. "Jumanne! Wananipasua!"

Ngazi nzima ikalipuka. Watu walipiga masufuria, Eusebio akambusu mtu asiyempenda, mwanamke mmoja alirusha maua ya plastiki kutoka juu kabisa. Herminda alisikia mtu akilia na kucheka kwa pamoja, akageuka kumtafuta, akakuta ni yeye mwenyewe, anashangilia pamoja na mtaa wote kwamba Jumanne mumewe atapasuliwa tumbo.